Lithiamu Iko Manono, Kidonge Kiko Wapi?

Jimbo la Tanganyika, nchini Kongo (DRC), limelalia lithiamu. Manono, upande wa kusini wa mji wa Nyunzu, ambako bati lilichimbwa tangu enzi za Wabelgiji, leo panagombaniwa na makampuni ya Australia na China kwa kuwa mwamba wake una mojawapo ya akiba kubwa kabisa duniani za madini hayo. Mazungumzo yote ni ya betri na magari ya umeme. Wachache hukumbuka kwamba lithiamu hiyohiyo, ikishasafishwa na kugeuzwa chumvi, ndiyo dawa kongwe na iliyothibitishwa zaidi ya ugonjwa wa bipola.

Bipola ni ugonjwa wa hisia unaokuja kwa vipindi. Kipindi cha juu, ambacho waganga wa hospitali hukiita mania, hudumu wiki moja au zaidi. Mtu analala saa mbili tu na kuamka bila uchovu. Maneno yanamtoka mfululizo. Wazo moja halijaisha, jingine limeshaingia. Anauza baiskeli ya nyumbani ili afungue biashara ya mawese, anakopa kwa jirani huyu na yule, anamfokea chifu mbele ya watu, anatangaza kwamba Mungu amemtuma. Hajioni mgonjwa hata kidogo. Ukimuuliza, atakuambia hajawahi kuwa mzima kiasi hiki.

Kisha anaanguka. Sonona inamshika kwa majuma, pengine kwa miezi: shamba linaota majani, chakula hakina ladha, na fikra za kujiua zinaanza kuzunguka kichwani. Waliomkopesha nao wanabisha hodi. Katikati ya vipindi hivyo viwili anaweza kuishi muda mrefu akiwa mtu wa kawaida kabisa, na hili ndilo linalowachanganya ndugu: mwehu gani huyu anayepona mwenyewe?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa na bipola. Kwa kawaida huanza ujanani, kati ya miaka ya mwisho ya shule na ile ya kuoa au kuolewa. Tena hurithiwa sana, na hapo ndipo tuhuma za ulozi hupata nguvu. Shangazi aliugua, sasa ni zamu ya mpwa, basi ukoo umefungwa. Mfululizo huo wanaukoo wameuona sawasawa. Ni maelezo yake tu yaliyokosewa.

Vita navyo? Mapigano ya Watwa na Waluba katika muongo wa 2010 yalichoma vijiji vya eneo la Nyunzu na kuwatupa maelfu ya watu kambini. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2019 yanaonyesha kuwa karibu mtu 1 kati ya 5 katika maeneo yenye vita ana tatizo fulani la akili. Mengi kati ya hayo ni hofu, sonona na majeraha ya kumbukumbu. Vita peke yake haviumbi bipola, ila kwa aliyezaliwa na mwelekeo huo, kukimbia usiku, njaa na kufiwa vinaweza kuwasha kipindi cha kwanza au kukirudisha kilichokwisha.

Katika kituo cha afya cha Nyunzu, muganga anayeletewa kijana anayepiga kelele lazima aanze na malaria. Malaria kali humfanya mtu aweweseke na kupambana na wanaomshika, na kipimo cha haraka hutoa jibu katika dakika zisizofika 30. Kama hakuna homa, fujo imeshapita wiki, na mwaka jana kulikuwa na kipindi kama hiki, hapo bipola inafaa kufikiriwa.

Mtego wa pili hauna kelele. Wagonjwa wengi huja wakati wa sonona, wala hawasemi lolote kuhusu ile wiki ya msisimko, kwa sababu waliipenda. Wakipewa amitriptilini, dawa ya sonona, peke yake, baadhi yao hurushwa moja kwa moja kwenye mania. Swali moja kwa mke au kaka mkubwa lingetosha kuzuia hilo.

Lithiamu kama dawa ya ugonjwa huu iligunduliwa kwa bahati na ujasiri. John Cade, daktari wa Australia aliyekuwa amefungwa na Wajapani huko Changi, Singapore, wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliona kwamba simbilisi aliowadunga chumvi ya lithiamu walitulia. Akaimeza yeye mwenyewe, kisha mwaka 1948 akampa mgonjwa aliyekuwa katika mania kwa miaka mitano. Mtu yule alirudi nyumbani na hata kazini. Makala ya Cade ilitoka mwaka 1949. Mwaka uliofuata mgonjwa huyohuyo alikufa, akiwa amesumishwa na dawa ileile iliyomponya.

Kifo hicho ndicho ufunguo wa suala zima. Nafasi kati ya kiasi kinachotibu na kinachoua ni nyembamba, kwa hiyo damu lazima ipimwe mara kwa mara, na figo pia. Mwili ukikauka kwa kuhara, kutapika au homa, lithiamu hupanda ndani ya damu. Ibuprofeni na diklofenaki, vidonge vya maumivu vya kila duka, nazo huipandisha. Basi shimo la Manono hata likizaa tani kwa tani, mgonjwa wa Nyunzu bado atahitaji maabara kuliko mgodi.

Zipo njia nyingine. Karbamazepini inafahamika kwa tiba ya kifafa na hutuliza pia bipola, ingawa inaweza kudhoofisha dawa ya malaria ya Coartem. Valproati ni nzuri kwa wengi, lakini inaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni, hivyo haifai kwa mwanamke anayeweza kuzaa. Hospitali za akili zinazojulikana ziko mbali: Dr Joseph Guislain ya Lubumbashi na Sosame ya Bukavu, zote za Mabruda wa Upendo. Reli ya Kabalo hadi Kalemie inapita Nyunzu, lakini haiendi Bukavu.

Nchini Kenya, Sitawa Wafula amejitokeza kusema hadharani kwamba anaishi na kifafa na bipola. Ushuhuda wa namna hiyo huwapa ndugu ujasiri wa kuuliza mapema, kabla baiskeli haijauzwa.

Cha kuulizia kwanza ni usingizi. Usiku mmoja au miwili bila kulala ni dalili ya mapema, na pia ni kichocheo. Kilio cha msiba hukesha, mkesha wa maombi hukesha, ngoma ya harusi nayo hivyohivyo. Mwenye bipola anaweza kuzika na kusali na wenzake, mradi mzee wa ukoo au mchungaji akubali mapema kwamba saa tatu usiku huyu atakunywa dawa yake na kwenda kulala, na asiitwe mvivu kwa hilo.