Fahamu: Uhuru, setilaiti ya Malindi iliyoona gesi baina ya galaksi
Pwani ya Malindi, Kenya, ina nafasi yake katika elimu ya galaksi. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti Uhuru ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la miguu ya chuma lililosimama baharini karibu na Malindi. Kwa setilaiti hiyo, mwanafizikia Riccardo Giacconi alitafuta eksirei za angani, ambazo hewa huzimeza kabla hazijafika chini. Jukwaa hilo lilifaa kwa kuwa, karibu na ikweta, mzunguko wa Dunia huisukuma roketi bure. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Ugunduzi wake mkubwa, pengine, ni gesi ya joto la mamilioni ya nyuzi iliyojaa baina ya galaksi zilizosongamana, nzito kuliko nyota zote za galaksi hizo. Giacconi alipata Nobel mwaka 2002.