Soga na Kumbukumbu katika Sinia la Idi

Katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, M. M. Mulokozi aliiweka soga katika utanzu wa mazungumzo, na kumbukumbu akaiweka katika utanzu wa masimulizi. Uainishaji huo umetufaa sana madarasani. Hata hivyo, mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba upo muktadha ambamo mpaka huo hausimami, nao ni mlo wa Idi katika familia za Unguja. Na kwamba mtafiti anayezitenga soga na kumbukumbu hupoteza ushahidi uleule alioufuata.

Mwenyeji wa mlo huo mara nyingi ni mkubwa wa ukoo, bibi au babu, ambaye nyumba yake ndiyo huendewa na wote baada ya sala. Asubuhi huliwa bokoboko, yaani ngano iliyopikwa pamoja na nyama hadi vikashikana, chakula chenye nasaba na harisi ya Waarabu. Mchana huja pilau au biriani. Watu huketi mkekani kulizunguka sinia, wanne au watano pamoja. Namna hiyo ya kuketi si suala la adabu peke yake, bali huamua pia namna ya kusema. Walaji wanatazamana, mikono imo chakulani, wala hapana awezaye kuishika zamu ya kusema kwa muda mrefu. Fanani hugeuka hadhira kila apelekapo tonge kinywani, na jirani yake hulipokea neno.

Tuangalie mfano ufuatao, niliouunda kwa ajili ya kielelezo:

Bibi: "Zamani ngano tukitwanga wenyewe, watoto wakilala jikoni kungoja ukoko."

Binti yake: "Si mwaka ule wa mgawo, mama. Mwaka ule baba alikwenda foleni alfajiri, akarudi na pakacha tupu."

Mjukuu: "Foleni ya nini, bibi?"

Katika kauli ya bibi, kiambishi -ki- kimesimama peke yake, bila ya "tulikuwa" ambayo sarufi ya Kiswahili sanifu ingeidai. Katika Kiunguja cha mazungumzo, -ki- hiyo hubeba mazoea ya wakati uliopita: huzikusanya Idi nyingi na kuzifanya Idi moja isiyo na tarehe. Binti anajibu kwa -li-, kisha -ka-, na kwa viambishi hivyo viwili anautoa mwaka mmoja katika mkusanyiko huo. Mgawo anaoutaja ni wa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati uingizaji wa vyakula kutoka nje ulipobanwa Zanzibar na mchele ukawa adimu. Mabishano baina ya "ndivyo ilivyokuwa daima" na "sivyo ilivyokuwa mwaka ule" yanaendeshwa basi na mofimu. Swali la mjukuu nalo huwalazimisha wakubwa kueleza lile ambalo wao kwa wao hawahitaji kulieleza. Hapo ndipo soga inapozaa kumbukumbu.

Linganisha na kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, ambacho sehemu yake kubwa ni mchango wa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Ni hazina isiyo kifani, lakini desturi humo huelezwa kwa ujumla, na binti wa kupinga hayumo. Hasara hiyohiyo humpata mtafiti anayemweka mzee mmoja mbele ya kinasa sauti: atapata -ki- tele, asipate -ka- ya mpinzani.

Kwa Zanzibar hasara hii ni nzito. Mapinduzi ya mwaka 1964 yalizitawanya familia nyingi, baadhi zikaishia Oman na nchi nyingine za Ghuba. Kwa baadhi ya wazee, swali la moja kwa moja kuhusu mwaka huo halijibiwi. Pengine ni haki yao. Lakini akiulizwa nani alikuwa akipakua pilau katika nyumba hii, mzee hutaja jina, na jina hilo huvuta safari, na safari huvuta mwaka.

Siku hizi simu nayo huwekwa kando ya sinia, ili jamaa wa Muscat au London washiriki. Ni neema, ingawa simu hudai zamu: mmoja husema, wengine hunyamaza, na soga huelekea kuwa hotuba. Badiliko hilo lenyewe linastahili tasnifu.

Anayetaka kurekodi aombe ridhaa ya mwenyeji na ya kila aliyeketi, si ya mwenyeji tu. Kinasa sauti kiwashwe tangu maji ya kunawa yanapoletwa hadi kahawa na haluwa. Katika unukuzi, sauti zinazopandana zisisafishwe. Na panapotokea kimya, kimya hicho kiandikwe, pamoja na jina lililotajwa kabla yake.