Usiamini rangi kabla ya kuuliza namba

Ndugu mtumikaji, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani,

Mkaaji wa Kolwezi anasoma rangi tangu utoto. Jiwe la rangi ya majani huenda ni malakiti: ndani mna shaba. Jiwe jeusi huenda ni heterojeniti: ndani mna kobalti. Lakini kiwanda hakifuati rangi tu. Jiwe linapimwa kwanza katika laboratwari, namba inatoka, ndipo wakubwa wa kazi wanaamua.

Siku hizi tunapewa rangi nyingine ya kusoma, ile ya kwenye kioo cha kompyuta. Ni jedwali lenye visanduku: nyekundu ni hatari, manjano ni kujihadhari, majani ni salama. Majedwali ya namna hii yanatumika kwa gesi za mgodini, kwa kelele, kwa joto la mashini na kwa kuta za kariere. Ni chombo kizuri, kwa maana jicho linaona nyekundu upesi kuliko linavyosoma namba mia moja. Lakini je, unajua rangi ile inatoka wapi?

RANGI INAPAKWAJE?

Vipimo vyote vinawekwa katika hazina ya data. Ifikirie kama daftari kubwa: mahali gani, saa ngapi, gesi gani, kiasi gani. Programu inasoma daftari hilo na kuchora jedwali, mstari kwa mstari. Kwa kila kisanduku inauliza swali lililoandikwa na mtu: «Namba hii imepita mpaka?» Kufuatana na jibu, inapaka rangi.

Mama anaelewa jambo hili vizuri. Kule dispensari mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 anazungushiwa mkanda mkononi. Chini ya sentimeta 11,5 ni nyekundu. Kutoka 11,5 hadi 12,5 ni manjano. Zaidi ya hapo ni majani. Mkanda ukivutwa vibaya, rangi itadanganya, na mtoto mwenye njaa atarudishwa nyumbani. Jedwali la kompyuta nalo ni vivyo hivyo.

NJIA NNE ZA KUDANGANYWA

Tuchukue gesi ya monoksidi ya kaboni. Inatoka katika baruti na katika mashini za dizeli. Haina rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa kinauma, macho yanazunguka, miguu inalegea, mtu anaanguka. Wataalamu wengi wa afya ya kazi wanatumia mpaka wa sehemu 25 katika milioni ya hewa, kwa wastani wa saa 8. Basi programu inaambiwa: «Ikipita 25 paka nyekundu; kama sivyo, paka majani.» Sharti hili linaonekana jema, lakini tazama.

1. Kisanduku kitupu. Chombo kimeharibika, hakikutuma namba. Je, «hakuna kitu» kimepita 25? Hapana. Basi programu inapaka majani! Mahali pasipopimwa panaonekana kama mahali salama.

2. Namba iliyowekwa kama neno. Katika kamusi, maneno yanapangwa kwa herufi ya kwanza. Kompyuta ikihesabu namba kuwa maneno, 100 inakuja kabla ya 25, kwa sababu 1 inatangulia 2. Basi 100 inahesabiwa kuwa ndogo, nayo inapakwa majani. Na 9, isiyo na hatari, inapakwa nyekundu. Ukiona jambo hilo, piga kelele mara moja.

3. Sharti moja kwa vitu viwili. Gesi mbaya inaua ikizidi. Oksijeni inaua ikipungua. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu 20,9 kwa mia, na chini ya 19,5 inahesabiwa kuwa haitoshi. Mtu akinakili sharti la gesi mbaya na kulitumia kwa oksijeni, 17 itakuwa ya majani, kwa kuwa haikupita 25.

4. Kipimo cha zamani. Namba ni ya kweli, lakini ilipimwa kabla ya baruti kupasuka. Hewa imebadilika, rangi imebaki ile ile.

TUFANYE NINI?

Fundi wa kompyuta abadilishe utaratibu wa maswali. Kwanza aulize: Kipimo kipo? Ni namba kweli? Ni cha saa hii? Jibu likiwa hapana, apake kijivu na kuandika HAKUNA KIPIMO. Kisha aulize kama kuna hatari, halafu kama kuna haja ya kujihadhari. Rangi ya majani ije mwisho kabisa, baada ya maswali yote. Na kabla ya kuwapa watu jedwali, alijaribu kwa makusudi: aweke kitupu, aweke 9, aweke 100, aone rangi inayotoka.

Ndani ya kila kisanduku aandike pia namba, saa, na neno: HATARI, ANGALIA, SALAMA. Kuna watu, hasa wanaume, waliozaliwa bila kutofautisha nyekundu na majani. Si ugonjwa wa aibu. Kama ni wewe, mwambie munganga siku ya kupimwa afya, na shefu wa ekipe ajue.

Na wewe unayeshuka, usiseme tu: «Nimeona majani.» Uliza: «Ni namba ngapi? Ya saa ngapi?» Chombo chako cha gesi kikilia wakati kioo kinaonyesha majani, fuata chombo. Toka kwanza, utoe habari, mazungumzo yatakuja nyuma. Kisanduku cha kijivu kikitokea, usiingie mpaka mtu mwenye mamlaka apime.

NA NYUMBANI PIA

Mama, gesi ile ile inatoka katika makala ya mbabula. Wakati wa baridi ya mwezi wa 6 na wa 7, watu wanaingiza mbabula katika chumba cha kulala na kufunga mlango na dirisha. Nyumbani hakuna chombo cha kulia, wala kioo cha kuonyesha nyekundu. Makala yakiwaka bila moshi, usidhani gesi haipo. Acha mbabula nje, funika watoto kwa blanketi. Mtu akiamka na kichwa kinamuuma na kutapika, mtoe kwenye hewa safi na kumpeleka hospitali upesi.

Ndugu, rangi inapakwa na mtu, na mtu anaweza kukosea. Kuuliza namba si woga wala si kumdharau shefu: ni kazi yako, kama kuvaa kofia. Nyumbani wanakungojea.