Shimo Jeusi na Nyota Zisizozaliwa

Shimo jeusi limesifika kwa kumeza. Lakini kinachozuia nyota kuzaliwa si ulafi wake, ni joto linalozuka kandokando yake.

Nyota huzaliwa pale gesi inapojikunja kwa mvutano wake yenyewe, na gesi ya moto haikubali kujikunja. Mawingu yanayozaa nyota yana baridi ya nyuzijoto 250 chini ya sifuri, hata zaidi. Sasa, katikati ya karibu kila galaksi kubwa kuna shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya Jua. Gesi ikilisogelea haitumbukii moja kwa moja. Huzunguka kwa kasi, husuguana na kuwaka. Anayefanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, pale mjini Katoro anajua: ukimwaga mawe kwa pupa, vumbi hutimka kila upande. Shimo jeusi nalo hurusha nje sehemu ya kile kinacholijia, mara nyingine kwa kasi inayokaribia ile ya nuru, na mrusho huo huipasha moto gesi iliyo mbali nalo.

Safari ya kulijua hili ilipita kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya kujitawala, satelaiti ya Marekani ya kupima eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ilionyesha eksirei zikitoka katika maeneo mapana ya makundi ya galaksi, likiwemo la Perseus. Baadaye ikathibitika kuwa ni gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi.

Hapo pakazuka fumbo zuri kweli. Gesi inayong'aa hupoteza joto, kwa hiyo ile ya katikati ya Perseus ilipaswa kuwa imepoa zamani na kuzaa nyota mamia kila mwaka. Nyota hizo hazionekani kwa wingi huo. Mwaka 2003 darubini ya eksirei ya Chandra ikadokeza jibu: shimo jeusi la galaksi NGC 1275, iliyo katikati ya Perseus, linapuliza mapovu makubwa, na mawimbi ya sauti yanasambaa ndani ya gesi na huenda ndiyo yanayoipasha moto upya.

Shimo jeusi la galaksi yetu, Sagittarius A*, lenye uzito wa Jua milioni 4, limetulia kwa sasa. Jioni za Agosti, ukiwa Katoro, liko juu upande wa kusini, katika kundinyota la Mshale.

Wala joto si hadithi yote. Katika galaksi ya Centaurus A, mkondo uliorushwa na shimo jeusi umegonga gesi baridi na kuibana, na nyota changa zimezaliwa kandokando ya njia yake.