Pezi Lililochanika, Maji Yanayoponya

Tatizo huanzia kwenye ukingo wa mkia. Jana samaki beta alikuwa akiogelea na pezi zima. Leo asubuhi mkia una mpasuko katikati, au ncha zake zimechakaa na kupungua. Mwenye samaki huingiwa na hofu, hukimbilia dukani, na hurudi na chupa ya dawa ya buluu ambayo muuzaji amemhakikishia kwamba inatibu kila ugonjwa. Dawa humwagwa tangini usiku huohuo. Maji yenyewe, ambayo mara nyingi ndiyo chanzo cha tatizo, hayajapimwa wala kubadilishwa.

Wafugaji wazoefu wa samaki wa mapambo hufanya kinyume chake. Wanajua kwamba pezi la samaki lina uwezo wa kujijenga upya, na kwamba uwezo huo hufanya kazi vizuri pale samaki anapoishi katika maji safi, yenye joto la kutosha na yasiyo na bughudha. Kwa beta wengi wenye mapezi yaliyoharibika, matibabu huanza na ndoo ya maji, na huishia hapohapo.

SAMAKI WA MASHAMBA YA MPUNGA

Beta, ambaye jina lake la kisayansi ni Betta splendens, ni mwenyeji wa Thailand. Huishi kwenye vinamasi, mifereji na mashamba ya mpunga, penye maji vuguvugu ya kina kifupi na majani mengi. Watu wa huko wamemfuga kwa karne nyingi, hasa kwa ajili ya kupiganisha madume. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba ufugaji huo ulianza angalau miaka 1,000 iliyopita. Jina la kisayansi alipewa mwaka 1910 na mtaalamu Mwingereza, Charles Tate Regan, na mwaka 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa.

Beta wa porini hana madaha ya yule wa dukani. Mapezi yake ni mafupi, na rangi yake ni kahawia au kijani iliyofifia inayomficha kati ya majani. Mikia mirefu ni kazi ya binadamu. Wafugaji waliwachagua madume wenye mapezi marefu zaidi, wakawazalisha kizazi baada ya kizazi, hadi wakapata mkia wa nusu mwezi, unaofunguka nyuzi 180 dume anapojitanua, na mkia wa taji, ambao miiba yake hutokeza nje ya ngozi. Uzuri huo una gharama yake. Pezi refu ni jembamba, ni zito kulikokota, na hunasa upesi.

Samaki huyu ana sifa nyingine iliyomponza. Juu ya matamvua yake kuna kiungo maalumu kinachomwezesha kuvuta hewa kutoka juu ya maji, kwa hiyo huishi hata mahali penye oksijeni kidogo, ambapo samaki wengi wangekufa. Ndiyo maana huuzwa ndani ya vikombe na mabakuli madogo. Lakini kiungo hicho hakimkingi na uchafu wake mwenyewe. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na kinyesi na mabaki ya chakula huongeza nyingine. Katika bakuli la lita 2, amonia hupanda haraka hadi ikaunguza ngozi, matamvua na kingo za mapezi.

KUCHANIKA, KUOZA AU KUJING'ATA

Kabla ya kutibu, inafaa kujua jeraha ni la aina gani.

Mpasuko wa kawaida huwa na kingo safi. Rangi ya pezi haijabadilika, na samaki anakula na kuzunguka kama siku zote. Chanzo chake ni kitu chenye ncha au makali: mmea wa plastiki, jiwe, mdomo wa filta unaovuta kwa nguvu, au samaki mwenzake mwenye tabia ya kudonoa mapezi. Wafugaji wana jaribio rahisi la kumtafuta mhalifu. Hutoa kila pambo tangini na kulipitishia soksi nyembamba ya nailoni, ile ya wanawake. Mahali panaponasa uzi wa soksi, pezi nalo litanasa. Pambo hilo husuguliwa kwa msasa au hutupwa.

Kuoza kwa mapezi ni jambo jingine. Ukingo hugeuka mweusi, mwekundu au mweupe, huchakaa bila mpangilio, na pezi hupungua siku hadi siku kuelekea mwilini. Kazi hiyo hufanywa na bakteria, wakiwemo wa jamii za Aeromonas na Pseudomonas, ambao kwa kawaida wamo majini. Samaki mwenye afya huwamudu. Aliyechoshwa na maji machafu au baridi huzidiwa, na ndiyo sababu kumtibu bila kuyagusa maji huleta nafuu ya siku chache tu.

Aina ya tatu huwashangaza wengi: beta huweza kuung'ata mkia wake mwenyewe. Kipande kizima hutoweka ghafla, pengine usiku mmoja, na kuacha pengo lenye umbo la mdomo. Hutokea kwa madume wenye mikia mizito, kwa wanaosukumwa na mkondo mkali wa filta, na kwa wale wanaoiona sura yao kwenye kioo wakashinda wamejitanua mbele ya adui asiyekuwepo. Kwa samaki wa namna hii dawa haina kazi. Kinachosaidia ni kupunguza nguvu ya filta, kupunguza mwanga na kuweka mimea hai inayovunja mwakisiko wa kioo. Anubiasi, mmea wa kandokando ya mito ya Afrika Magharibi na Kati, hupendwa sana kwa kazi hiyo, kwa kuwa majani yake mapana humpa beta mahali pa kupumzika karibu na uso wa maji.

MATIBABU YA NDOO

Hatua ya kwanza ni kupima maji. Kwa kipimo cha matone, mtu hujaza maji ya tangi kwenye kichupa kidogo cha kioo, huongeza matone, hutikisa na kusubiri dakika chache. Kwenye vipimo vingi vya amonia, maji yakibaki ya njano hakuna tatizo. Yakigeuka kijani, samaki yumo hatarini, na kadiri kijani kinavyokolea ndivyo hatari inavyozidi. Amonia na naitraiti zinatakiwa ziwe sifuri. Naitreti, ambayo sumu yake si kali kama ya hizo mbili, ibaki chini ya miligramu 40 kwa lita, na chini ya 20 ni bora zaidi.

Kisha maji hubadilishwa. Wakati wa kuuguza pezi kwenye tangi dogo, robo hadi nusu ya maji hutolewa kila siku au kila baada ya siku moja, na uchafu ulio chini hunyonywa kwa mpira. Maji mapya yawe na joto sawa na ya zamani. Maji ya bomba ya mjini hutiwa klorini, ambayo huunguza matamvua. Kuyaacha ndani ya ndoo wazi kwa saa 24 huiondoa klorini ya kawaida, lakini si kloramini, ambayo baadhi ya mamlaka za maji duniani hutumia badala yake. Dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki humaliza kazi hiyo kwa dakika chache.

Wengine huingiwa na bidii kupita kiasi: humwaga maji yote na kusugua tangi zima kwa sabuni. Kumbe ndani ya sponji ya filta na kwenye changarawe wanaishi bakteria wenye manufaa, wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti. Kuwakuza huchukua wiki nne hadi sita. Kuwaua ni kazi ya dakika tano chini ya bomba. Sponji ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, inatosha. Sabuni isiguse chochote.

Joto nalo lina nafasi yake. Mwili wa samaki haujipashi moto. Hufuata joto la maji. Kati ya nyuzijoto 24 na 28 za Selsiasi, kinga ya beta na ukuaji wa ngozi yake huenda vizuri. Mombasa na Dar es Salaam joto hilo hupatikana bila kifaa kwa sehemu kubwa ya mwaka. Nairobi au Mbeya mwezi Julai ni habari nyingine: maji ya bakuli dogo lililo karibu na dirisha huweza kushuka chini ya nyuzijoto 20 usiku, na bila hita ndogo na kipimajoto, jeraha huchelewa sana kupona.

JANI LA MKUNGU, CHUMVI NA VIDONGE

Wafugaji wa Thailand wana desturi ya kuweka jani kavu la mkungu ndani ya chombo cha beta. Mti huo watu wa Pwani wanaujua: umepandwa kwa kivuli kando ya barabara na fukwe za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, na watoto hugonga kungu zake kwa jiwe wapate kiini. Jani lake likilowa hutoa tanini. Maji hugeuka rangi ya chai na kuwa na asidi kidogo, hali inayokaribiana na vinamasi anakotoka beta. Mwaka 2005 watafiti wa Thailand walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba maji ya majani hayo yaliweza kuwadhibiti baadhi ya vimelea na bakteria wanaowashambulia perege.

Hata hivyo, jani ni msaidizi. Haliwezi kusimamisha uozo unaokwenda mbio. Anayeokota achukue jani lililokauka na kuanguka lenyewe, mbali na barabara yenye magari mengi na mahali panapopulizwa dawa, kisha alioshe. Jani moja kubwa hutosha lita 20 hadi 40.

Chumvi hutumika kwa uangalifu zaidi. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi halisi, isiyochanganywa na viungo, kwa kila lita 4 za maji, huweza kuwadhoofisha bakteria na kumpunguzia samaki mzigo. Huyeyushwa kwanza pembeni, humiminwa taratibu, na haipiti siku kumi. Maji yakipungua kwa kukauka, huongezwa maji matupu, kwa sababu chumvi haikauki pamoja nayo. Tangi lenye konokono au mimea hai si mahali pake. Samaki hutengwa kwenye chombo kingine.

Viuavijasumu ni hatua ya mwisho. Baadhi ya watu hufungua kidonge cha tetrasaiklini cha binadamu na kukimwaga tangini. Dawa hiyo hushikana na kalisi iliyomo kwenye maji magumu ikapoteza nguvu, huweza kuwaua bakteria wema wa filta, na ikitumiwa kwa kipimo cha kubahatisha huwafundisha bakteria wabaya kuihimili. Inafaa kumwona daktari wa mifugo pale uozo unapofika karibu na mwili, ngozi inapovimba au kuwa nyekundu, magamba yanaposimama, au samaki anapoacha kula. Madoa meupe yanayoenea kwa saa chache ni dharura, kwani ugonjwa mmoja wa bakteria wenye dalili hiyo huweza kuua ndani ya siku moja au mbili, na hukimbia zaidi maji yakiwa ya moto. Hapo kuongeza joto ni kumwongezea hatari.

UKINGO UNAONG'AA

Pezi lina miiba ya mfupa iliyogawanyika vipande vidogovidogo, na kati ya miiba hiyo imetandazwa ngozi nyembamba yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Linapokatika, seli za ngozi hulifunika jeraha ndani ya siku moja hivi. Chini yake hujikusanya seli changa ambazo hujenga upya mfupa, mishipa na ngozi. Wanasayansi wamelifuatilia jambo hili kwa karibu kwa kumtumia Danio rerio, samaki mdogo mwenye milia wa Asia Kusini: mkia wake ukikatwa katika maji ya nyuzijoto 28, huota tena kwa takriban wiki mbili.

Kwa beta mwenye mkia mrefu subira inahitajika zaidi. Mpasuko mdogo huweza kuziba kwa wiki moja au mbili. Pezi lililoliwa sana huchukua miezi. Lililoharibika hadi kwenye shina lake mwilini huenda lisiote kabisa.

Akichunguzwa kwa tochi pembeni ya kioo, samaki anayepona huonyesha utando mwembamba kwenye ukingo wa pezi, unaopenya mwanga, karibu hauna rangi. Wengi huudhani ukungu au uozo mpya na kurudia dawa. Tofauti yake ni kwamba utando huo ni laini, hufuata mstari wa pezi, na huongezeka kwenda nje badala ya kulila pezi kwenda ndani. Rangi hufuata baadaye, na pengine haifanani kabisa na ya zamani; miiba nayo huweza kuota ikiwa imepinda kidogo. Picha moja kila baada ya siku tatu, kutoka upande uleule, huonyesha mabadiliko ambayo macho ya kila siku hayayaoni.

Katika kipindi hicho chakula kiwe bora na kidogo: punje mbili au tatu mara mbili kwa siku, na mara mojamoja viluwiluwi vya mbu au wadudu wengine wadogo wa majini. Kinachobaki bila kuliwa hutolewa kabla hakijaoza.

Mnunuzi, kwa upande wake, anaweza kupunguza matatizo haya tangu dukani. Beta wa mapezi mafupi, anayefahamika kwa wafugaji kama plakat, huogelea kwa wepesi na hana mkia mzito wa kukokota. Anayempenda wa mkia mrefu amwandalie kwanza tangi la lita 20 au zaidi, lenye filta ya sponji ya mkondo mpole, na lifanye kazi wiki kadhaa kabla samaki hajaingia. Dukani aangalie kingo za mapezi yote, si mkia peke yake, na aulize maji ya kikombe yalibadilishwa lini. Kisha, kabla ya kulipa, amwombe muuzaji adondoshe punje moja ya chakula: beta mzima huiendea palepale.