Redio: kilio hakirudiwi mara ya pili, ndiyo maana limita ni ya lazima

Mama mmoja mhami anaketi mbele ya hema lake, mwandishi wa habari anamuelekezea mikro. Mama anaongea kwa sauti ya chini sana. Ili maneno yasikike, mwandishi anapandisha kiwango cha sauti kwenye mashine. Kisha mama anafikia siku ile alipompoteza mtoto wake, na gafla analia kwa nguvu. Kwenye mashine, taa nyekundu inawaka.

Ni jambo linaloweza kumpata mwandishi yeyote wa redio huku mashariki mwa Kongo. Kule studio, mazungumzo yote ni safi, ila pale penye kilio panasikika mkwaruzo tu. Na hakuna mtu mwenye moyo wa kumwomba mama yule alie tena.

Sababu yake ni moja. Mashine nyingi za digitali zina kikomo, desibeli 0, na juu yake hakuna nafasi. Wimbi la sauti likipita hapo, kichwa chake kinakatwa na kubaki bapa. Kilichokatwa hakikuandikwa popote. Programu za kompyuta zinaweza kukisia kilikuwa namna gani, lakini haziwezi kukirudisha.

Limita ni mlinzi wa mlango huo. Inawekewa kiwango, kwa mfano desibeli 3 chini ya kikomo. Sauti ikiwa chini ya kiwango hicho, haiguswi. Ikitaka kupita, limita inaipunguza nguvu mara moja, kisha inaiachilia polepole. Ikifanya kazi vizuri, msikilizaji hajui hata kama ilikuwepo.

Lakini si kila limita inaokoa. Kwenye mashine fulani za bei ndogo, inafanya kazi wakati sauti imekwisha kugeuzwa kuwa namba. Kama sauti ilikatwa mbele ya hapo, ni kufunga mlango wakati mwizi amekwisha kuingia. Limita bora inashika umeme wa sauti mbele ya kugeuzwa. Kujua mashine iko ya aina gani ni rahisi: mbele ya kwenda kazini, mtu awashe limita, apige kelele karibu na mikro, kisha asikilize kwa visikilizio vya masikio.

Limita pia haichukui nafasi ya kupima sauti. Mtu akiongea kwa kawaida, mshale usipite desibeli 12 chini ya kikomo. Hapo kilio au kicheko cha gafla kinabaki na nafasi. Mashine inayorikodi kwa biti 24 inavumilia hilo: sauti iliyo chini inaweza kupandishwa studio bila kuleta uvumi mwingi. Anayepandisha kiwango kupita kiasi na kuiachia limita kazi yote, anapata sauti isiyo na uhai. Kila mtu anaponyamaza kidogo, kelele ya jenereta au mvua kwenye mabati inapanda.

Mashine zingine zinarikodi kopi ya pili kwa kiwango cha chini zaidi. Ya kwanza ikiharibika, ya pili inabaki. Na kwa asiyekuwa na limita wala kopi ya pili, dawa iko mkononi mwake: kusogeza mikro nyuma. Umbali ukiongezeka mara mbili mahali pa wazi, sauti inashuka karibu desibeli 6.

Kwenye mtambo wa FM pia kuna limita, ili redio isipite kilohezi 75 kila upande na kusumbua majirani zake. Lakini ile inalinda masafa, hailindi ushuhuda. Sauti iliyovunjika mbele ya hema la mama itafika hewani ikiwa imevunjika vilevile. Ya kuilinda ni ile iliyo mkononi mwa mwandishi, iliyowashwa na kujaribiwa mbele ya swali la kwanza.