Muti mu lava

Wandugu wachimbaji, wamama na watoto wa kwetu, leo hatuongee bei ya koltan. Tunaongea miti ya matunda.

Mu kartie Majengo iko parsele moja ambayo sisi wa sendika tunaijua vizuri, kwa sababu tulilala pale siku za matanga. Baba wa nyumba alikuwa mwenzetu, udongo ulimufunika mu shimo kule Masisi. Wenye shimo walileta muchele na pesa ya sanduku, kisha hatukuwaona tena. Muchimbaji wa mukono hana pansio, munajua wenyewe. Lakini nyuma ya nyumba kulibakia muti wa avoka, marehemu aliupanda mwaka binti yake wa kwanza alizaliwa, na marakuja iliyopanda juu ya ukuta wa mawe. Leo hizo maavoka njo zinasaidia kulipa masomo ya yule binti.

Mwaka jana muuzaji wa makala alikuja na pesa mu mukono, anataka kuukata ule muti. Siku ile hata sombe haikukuwa mu nyumba. Mama akatuita. Tukakaa naye, tukahesabu pamoja, na tukaona kama makala italipa mara moja tu, lakini avoka inazaa kila mwaka. Hatukuwa na haki ya kumukataza mama mwenye watoto wenye njaa, basi tukachanga kidogo kidogo, kila mutu na uwezo wake. Muti ungali umesimama.

Wengi wanatuuliza: Goma ni mawe matupu, tutapanda wapi? Swali ni la kweli. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya muji mpaka ku ziwa, na tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama karibu na muji. Ndani ya lava kuna chumvi nyingi ambazo mimea inapenda, lakini jiwe jipya halijakuwa udongo, linahitaji miaka mingi ili lioze. Na maji hayakai mule. Unamwaga bido nzima, inapita sawa mu kapu.

Hapa sisi wachimbaji tunashinda hata wakulima, kwa sababu tunajua kutoboa jiwe. Chukua baramini na nyundo, tafuta mahali lava imepasuka yenyewe, panua pale mpaka upate shimo la karibu metre moja, upana na kina. Jaza udongo wa mu mifuko, changanya na mavi ya mbuzi iliyooza, maganda ya ndizi na takataka yote ya jikoni. Kuta za shimo zitashika muti kuliko udongo wenyewe, na mizizi itatafuta njia yake mu nyufa. Juu funika na majani makavu, kwani jiwe jeusi linashika moto wa jua sana. Maji ya kuosha mboga, umwagie pale. Panda mu Septemba, mvua ikirudi, muti upate nguvu mbele ya kiangazi cha Juni.

Lakini angalia mazuku. Upande wa Himbi na kwenda Sake, ile hewa mubaya inatoka chini na kukaa mu mabonde na mashimo, haina rangi. Ni gazi karboniki, nzito kuliko hewa ya kawaida. Mwenye amefanya kazi mu shimo refu anaijua, taa inazimika kisha mutu anaanguka. Usimutume mutoto kuingia mu shimo ulilochimba jana. Na ukiona panya ao ndege amekufa ndani, lifunike, panda kwingine.

Sasa miti gani? Mwembe tunauacha, Goma iko karibu metre 1,500 juu na ule unapenda joto la chini. Avoka inafaa, lakini ya mbegu inaweza kuomba miaka mitano, saba ao zaidi mbele ya kuzaa, bora ile ya kupandikizwa, greffé. Paipai na nyanya ya muti, ile tunaita prune, zinazaa haraka, mwaka moja na nusu hivi.

Kisha iko muforosadi, mûrier kwa Kifaransa. Huu unatushangaza. Unakata tawi la unene wa kidole, unalichoma mu udongo wenye maji, linaota. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza, basi ukiukata matawi na kutoa majani, unachipuka upya na kuleta matunda. Majani yake njo chakula cha wale funza wa hariri. Ubaya wake, matunda yanachafua nguo za watoto, na ndege wanakula mbele yako.

Na mutini, ule wa mu Biblia, unaota vilevile kwa tawi. Aina ya kawaida inazaa bila kuhitaji yule mududu mudogo anayeingia mu matunda ya mitini mingine. Maziwa yake yanachoma ngozi ukikaa ku jua, na mizizi inapasua citerne. Uupande mbali na maji yako.

Wapangaji mutasema parsele si yenu. Ni kweli, na tumeona mwenye nyumba akifukuza watu kisha akabaki na matunda. Panda basi mu mifuko mikubwa na bido zilizokatwa. Muforosadi na mutini zinavumilia, na siku ya kuhama munabeba.

Wenye mashamba kule juu, jambo hili ni la sendika kabisa. Code minier ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamulazimisha mwenye titre minier kulipa indemnité kwa mutu anayenyimwa matumizi ya ardhi yake. Lakini siku ya kuhesabu, miti isiyoandikwa inakuwa ya mabishano. Andika mu kaye: miti ngapi, aina gani, ilipandwa mwaka gani. Piga picha na telefone. Umuite jirani na chef wa kijiji waweke sinyatire.

Yule mama wa Majengo ameturuhusu kukata matawi ya muforosadi wake. Mvua ya Septemba ikianza tutayagawa ku ofisi yetu, siku ya posho asubuhi. Kila mutu aje na mufuko wake na udongo kidogo, sisi hatuna.